Shajara ya matairi ya baiskeli ya mlimani: natafuta yanayong'ata, yanayokimbia na yasiyoisha upesi

2 Februari: hali ilivyo kabla sijagusa kitu

Nimeamua kuandika hii kitu hatua kwa hatua kwa sababu kila nikiuliza habari za matairi napewa jina la tairi tu, hakuna anayeniambia kwa nini, na mi shida yangu ndo hiyo kwa nini. Kila hatua ikiisha nitaongeza hapa, na pale nitakapoharibu nitaandika vilevile, msinicheke sana.

Baiskeli yangu ina magurudumu ya inchi 29, mbele kuna shokapu ya milimita 120 na nyuma hakuna kitu, kwa hiyo shokapu ya nyuma ni tairi lenyewe. Rimu upana wake wa ndani ni milimita 25. Mi mwenyewe na mfuko na maji tunafika kilo 82. Matairi ni yale yaliyokuja na baiskeli, 29x2.1, meno mafupi, ukingoni waya mgumu, ndani tyubu.

Njia ninayopimia ni kilomita 14. Tatu za lami, nne za kupanda kwenye changarawe, zilizobaki ni kanjia kembamba cha msituni chenye mizizi, mawe na vumbi, na kuna kona mbili pale ambazo zimeshanilaza chini mara tatu. Ndani ya wiki sita nimepata pancha tano, tatu kati ya hizo ni zile za matundu mawili yaliyokaa sambamba kama umeng'atwa na nyoka, yaani jiwe limeipiga tairi mpaka tyubu ikabanwa kwenye kingo za rimu.

Ninachotaka kwa mpangilio: kushika, kudumu, kasi. Jamaa ninayeendesha naye alivyosoma akacheka, akaniambia ndugu yangu hayo matatu huyapati kwenye tairi moja. Tutaona.

Kuhusu gharama, bei sitaji kwa sababu kila mtu ana duka lake, nitahesabu kwa tyubu. Kwangu tairi moja la maana ni kama bei ya tyubu nane.

9 Februari: kusoma ubavu wa tairi

Hatua hii ni ya bure na nilitakiwa kuifanya miaka mingi iliyopita. Ubavuni kumeandikwa mambo mengi na mi nilikuwa naangalia jina tu.

Namba ya kuamini ni ile yenye kistari katikati, ya kwangu ni 54-622. Hiyo ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. 622 ndo 29, 584 ndo 27.5, 559 ndo 26. Hii namba haidanganyi, zile za inchi zinachanganya maana kuna vipimo vya zamani kadhaa vinaitwa 26 vyote na haviingiliani.

Alafu kuna TPI, idadi ya nyuzi za kitambaa kwenye kila inchi moja. Nyuzi nyingi maana yake ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na linajikunja vizuri juu ya mawe, ila ukuta wake ni mwembamba. Nyuzi chache ni nene, tairi zito na gumu. Kuwa makini hapa, wengine wanajumlisha nyuzi za tabaka zote wanaandika namba moja kubwa, kwa hiyo usilinganishe TPI ya kampuni hii na ya kampuni ile kama vile ni kilo.

La mwisho ni ugumu wa mpira, unapimwa kwa kipimo kinaitwa Shore A. Arobaini na kitu ni laini sana, unaganda kwenye jiwe kama vile umepakwa gundi, sitini kwenda juu ni mgumu, unakimbia na unadumu ila kwenye mzizi wenye maji unateleza. Wengi hawakuandikii namba, wanakupa jina. Schwalbe kwenye matairi yao ya Addix wanaweka mstari wa rangi: mwekundu ni wa kasi, bluu wa kati, chungwa laini, zambarau laini kabisa. Maxxis kwenye 3C wanatumia mipira mitatu ndani ya tairi moja, mgumu chini unabeba meno, na juu katikati na pembeni wanaweka tofauti. Wazo zuri, limenikaa kichwani.

16 Februari: kosa la kwanza, tamaa

Nilijiambia kama 2.1 inateleza basi 2.6 itashika, nikanunua pea. Makubwa, meno marefu, mpira laini. Nikaanza na la nyuma, nikalijaza upepo ndani ya nyumba, likazunguka vizuri tu halikugusa popote, nikajiona fundi.

Kesho yake njia ilikuwa na matope kidogo. Baada ya dakika ishirini nasikia sauti ya kusaga, nikadhani ni breki. Kumbe tairi lililojaa upepo na kukaa siku moja linatanuka, alafu tope na vijiwe vinakamata kwenye meno, na pale kwenye mikono ya fremu karibu na kranki nafasi iliyobaki ilikuwa milimita 3 kila upande. Rangi imekwanguliwa mpaka chuma kinaonekana. Rimu ya milimita 25 nayo ni nyembamba kwa 2.6, tairi linasimama kama puto, ukiinama kwenye kona linalala pembeni kwanza ndo linakumbuka kushika.

Somo: kabla ya kununua pima nafasi kwenye fremu, sio tairi lilivyoandikwa ila litakavyokaa, na acha angalau milimita 6 kila upande. Rimu ya 25 inapendana na 2.25 mpaka 2.4, rimu ya 30 ndo unaweza kuanza kuongelea 2.6.

Hasara: la nyuma halirudishwi maana limeshaendeshwa, nikamwachia jamaa mwenye fremu pana kwa nusu bei. Tyubu nne zimeenda. La mbele lilikuwa halijafunguliwa, nikabadilishiwa na 2.4 ya aina ileile, nikaongeza la pili.

2 Machi: 2.4 laini mbele na nyuma

Pea ya 2.4, mpira laini, meno marefu mbele na nyuma, ganda (yaani mwili wa tairi, kile kitambaa chini ya meno na ubavuni) jembamba, bado natumia tyubu. Presha ya upepo psi 25 mbele, 27 nyuma kwa geji ya pampu yangu ya kusimama.

Zile kona mbili nimepita bila kuweka mguu chini, hilo lazima niseme. Breki ya mbele sasa naweza kuikamata kwelikweli. Lakini lami, ndugu zangu. Ni kama kuna mtu amekaa nyuma amekanyaga mguu chini. Sauti vuuuum muda wote, muda wangu wa kilomita 14 umeongezeka dakika nne na sekunde kadhaa. Na kwenye kona za kasi tairi la mbele linajikunja, naligeuza huku linaenda kwanza kule.

Alafu kwenye mzunguko wa pili, paa, pancha ya nyoka. Tairi jipya, pana, na bado.

Niliandika kwenye daftari langu: "ganda jembamba halifai, mpira laini ni mzito." Hii sentensi naiacha hapa kama ilivyo kwa sababu mtaona nilivyokuwa najidanganya.

15 Machi: tyubulesi, na ukuta uliopakwa chokaa

Kama tyubu ndo inabanwa basi nitoe tyubu. Hiki kitu sio kigeni, Mavic pamoja na Hutchinson na Michelin walitoa mfumo wao wa UST mwaka 1999, kwa hiyo wanaosema ni fasheni ya juzi wamechelewa. Rimu zangu na matairi haya yote yameandikwa kwamba yako tayari kwa tyubulesi. Kuna watu wanalazimisha kwenye tairi la kawaida lenye waya, usifanye, ukingo wake haujatengenezwa kukamata rimu bila tyubu.

Vinavyohitajika: tepu ya rimu, valvu mbili, dawa ya kuziba (yale maziwa ya lateksi), na pampu yenye nguvu au kompresa.

Kosa langu ni tepu. Rimu ina upana wa ndani 25, nikanunua tepu ya 25, nikaona hesabu imekaa sawa. Nikaweka, nikatoboa tundu la valvu, nikafunga tairi, nikamwaga dawa mililita 100, nikapiga pampu. Halijazi. Nikapiga haraka zaidi, jasho linatoka, ukingo wa tairi umelegea katikati ya rimu na upepo wote unatoka pembeni, na pamoja na upepo inatoka dawa. Ukuta mweupe wa sebule sasa una madoadoa ambayo ni meupe zaidi ya ukuta. Siku ile ndani hamkuwa na amani.

Nilivyofanikiwa, kwa mpangilio huu:

Kwanza unaweka tyubu, bila dawa, unajaza mpaka kingo zote mbili zipige ile sauti ya pah! pah! ya kukaa. Unaacha usiku mzima ili tepu igandamizwe na tairi linyooke kama lilikuwa limekunjwa. Asubuhi unafungua upande MMOJA tu, unatoa tyubu, unaweka valvu ya tyubulesi. Sasa una kazi ya kukalisha upande mmoja badala ya miwili. Unapaka maji ya sabuni ukingoni, unatoa kile kisindano cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa wingi, unapiga pampu. Likikaa unatoa upepo, unaingiza dawa kupitia valvu hiyohiyo, unarudisha kisindano, unajaza tena, unazungusha na kulaza gurudumu kila upande.

Likakaa! Asubuhi limelala chini. Nikalizamisha kwenye karai la maji, mapovu yanatoka kwenye vichwa vya spoku. Yaani upepo unapita chini ya tepu, unaingia ndani ya rimu, unatokea kwenye matundu ya spoku. Tepu ya 25 inaishia palepale ukuta wa rimu unapoanza kupanda, haijafunika kona, na tairi linapoingia linaibandua. Inatakiwa iwe pana kuliko rimu kwa milimita 3 mpaka 5 ipande kidogo ukutani. Nikachukua ya 29, nikafuta rimu kwa spiriti mpaka kitambaa kikawa hakichukui uchafu, nikavuta tepu kwa nguvu wakati wa kuibandika, na mwisho nikapitisha kidole gumba mzunguko mzima. Tundu la valvu toboa kwa msumari uliopashwa moto, sio kisu, kisu kinaacha mchaniko unaoendelea kuchanika.

Gharama: tepu mbili (moja ya kutupa), valvu, dawa, kompresa niliazima. Jumla tyubu tisa. Muda: Jumamosi yote na nusu ya Jumapili.

29 Machi: kumbe geji

Hii ndo sehemu niliyotaka mtu aniambie mwezi wa pili.

Tyubulesi imekaa, hakuna cha kubanwa, naendesha kwa raha. Kwenye kona ya pili tairi la mbele likapiga mbweu, yaani ukingo uliachia rimu sekunde moja ukatema upepo na dawa ukarudi. Mbele kidogo nikasikia la nyuma linapiga rimu kwenye jiwe, tang! Nikakagua, ukingo wa rimu una bonde. Nikampelekea fundi anyooshe.

Akaligusa tairi kwa kidole gumba.

"Kaka, unaweka presha ngapi?"

"Ishirini na saba nyuma."

"Hii haifiki hata ishirini na mbili."

Nikamwambia fundi wangu, jana tu nimejaza, nimeangalia kwa macho yangu. Akatoa kigeji kidogo cha dijitali, akabonyeza: 20. La mbele nililodhani lina 25: 18. Akaniuliza geji ya pampu yako imeandikwa mpaka ngapi, nikamwambia 160. Akatikisa kichwa, "Basi huku chini inakisia tu."

Na ni kweli ukifikiria. Geji ya mshale inayofika 160 imetengenezwa kwa ajili ya matairi membamba ya barabarani, huku kwenye ishirini na kitu mshale umesogea kidogo tu kutoka kwenye sifuri, kosa la psi 7 ni upana wa mshale wenyewe. Kwa baiskeli ya barabarani 7 sio kitu. Kwa tairi la mlimani 7 ni tairi tofauti kabisa.

Sasa rudisha nyuma kila nilichoandika. Pancha za nyoka za mwezi wa kwanza: nilidhani natumia 30, nilikuwa natumia kama 23 kwenye 2.1 yenye tyubu na kilo 82 juu yake, hapo usipopata pancha ni muujiza. Tairi la mbele kujikunja kwenye kona: 18. Lami kuvuta: sehemu ni mpira laini, sehemu kubwa tu ni 20 ya nyuma. Nilikuwa nahukumu matairi wakati mshtakiwa ni mshale.

Nimenunua geji ya dijitali, bei ya tyubu mbili na nusu. Ndo kifaa cha maana kuliko vyote kwenye mradi huu na nimekinunua cha mwisho. Matokeo yote ya nyuma nimeyafuta, naanza upya.

5 na 6 Aprili: kupima presha moja moja

Matairi yaleyale ya 2.4, tyubulesi, nabadilisha upepo tu. Kila mzunguko napima asubuhi kabla ya jua kuwa kali, maana joto linapandisha presha.

Vipimo viwili. Cha kwanza kwenye lami, naanzia alama ileile kwenye mteremko, mguu hausukumi pedali, najikunja vilevile, naweka alama baiskeli iliposimama. Cha pili kwenye kipande cha mizizi na mawe cha kama mita 600, saa mkononi. Sio sayansi, upepo wa hewani tu unaweza kukuharibia, ndo maana nilirudia kila presha mara tatu na pale namba zilipotawanyika sana nilizitupa.

Lami hakuna mshangao, kila ukiongeza upepo inaenda mbali zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya 18 na 23, juu ya hapo faida inapungua.

Kwenye mawe ndo kuna mambo. Nilidhani 32 ingekuwa ya haraka, ikawa ya polepole karibu kuliko zote. Baiskeli inaruka, kila jiwe linakurudisha nyuma kidogo na kunipandisha mi na kilo zangu 82, nguvu inaishia kwenye mgongo badala ya kwenda mbele. Kwenye 24, 25 hivi tairi linalimeza jiwe na kupita. Chini ya 20 linaanza kulala tena na rimu inagongwa.

Niliposimama: mbele 22, nyuma 25. Kwa wanaotumia bari ni kama 1.5 na 1.7. Hii ni ya uzito wangu, rimu yangu na matairi haya, wewe mwenye kilo 65 ukiinakili utaruka kama mbuzi. Anzia juu, shusha psi moja moja mpaka usikie rimu inagongwa mara moja moja kwenye mzunguko mzima, rudisha mbili. La nyuma siku zote mbili tatu juu ya la mbele kwa sababu uzito mwingi uko nyuma.

Muda wa kilomita 14 kwa presha hii: ile dakika nne iliyoongezeka mwezi wa tatu imebaki moja na nusu. Tairi halijabadilika hata jino moja.

20 Aprili: sasa ndo meno

Hiyo dakika na nusu ni ya mpira na meno kweli. Na la nyuma limeanza kulika. Nilipima urefu wa meno ya katikati kwa kalipa likiwa jipya, milimita 6.2. Baada ya kilomita kama 450 limebaki na 4.4, na meno kadhaa yamepasuka kwenye shina, ukiyavuta yanafunguka kama mlango. La mbele kwa umbali uleule limetoka 6.2 kwenda 5.8.

Nimekaa chini nikayaangalia matairi haya kwa muda mrefu kuliko ninavyoangalia simu. Meno ya katikati ndo unayoyaendesha muda wote, yakiwa mafupi na yamesogeleana gurudumu linaviringika, yakiwa marefu na yametawanyika linang'ata udongo laini na kutema tope. Ya pembeni huyagusi mpaka uiname, hayo ndo yanakubeba kwenye kona, na ukiyaweka marefu hayakucheleweshi kwenye lami kwa sababu hayagusi lami. Ile mikato midogo juu ya jino inalifanya lijikunje kidogo, linashika mwamba vizuri zaidi, ila jino lenye mikato mingi la mpira laini chini ya breki ya nyuma ndo hilo linachanika.

Na gurudumu la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja. Mbele likiteleza umelala chini. Nyuma likiteleza unarekebisha, wakati mwingine hata raha. Lakini nyuma ndo linabeba uzito, linasukuma, linaburutwa na breki, na linapiga mawe ambayo la mbele limeshayapanda. Nikakumbuka yule jamaa alivyosema "kwenye tairi moja". Si ninayo mawili?

Kwa hiyo mbele nimebakisha lile laini la meno marefu. Nyuma nimeweka 2.35, meno ya katikati mafupi yaliyosogeleana, mteremko mbele ya kila jino, ya pembeni yamesimama vizuri, mpira mgumu kidogo. Kuna watu wanaweka yale makali mbele na nyuma, kwa mfano Assegai ambalo Maxxis walilitengeneza pamoja na Greg Minnaar wa Afrika Kusini, jina lenyewe ni la mkuki, na kwa mbio za kushuka milima mikali wana haki. Mi napanda kilomita nne kabla ya kushuka.

Siku ya kwanza kupanda kwenye changarawe nyuma likawa linasota, nikalilaani, nikaandika ujumbe mrefu kwa jamaa. Akaniuliza swali moja, ule mshale wa ubavuni unaoonyesha tairi linaviringika upande gani unaangalia wapi. Nikaenda kuangalia. Nimelivaa kinyume. Ule mteremko wa jino uliotakiwa kuviringika mbele ulikuwa nyuma, na ukuta wa kusukumia ulikuwa mbele. Kugeuza tairi la tyubulesi lenye dawa ndani ni nusu saa na nguo za kufua.

Baada ya kugeuza: muda umerudi karibu kabisa na wa matairi ya zamani, nimezidi sekunde 25 tu, na kona zote mbili zinapitika.

11 Mei: ubavu umepasuka

Sikuanguka, sikugonga kitu kikubwa. Jiwe lenye ncha lilipita pembeni, likachana ubavu wa nyuma sentimita mbili. Dawa ilitoka kama bomba, haina uwezo na kitu kama hicho, ile inaziba matundu ya miba na misumari. Nikajaribu kuingiza vile vipira vya kuziba, vitatu kwa pamoja, vikatoka. Nikaweka tyubu na kipande cha plastiki ngumu ya chupa ndani kuzuia tyubu isichungulie, nikarudi nyumbani taratibu.

Lile daftari la tarehe 2 Machi lilisema ganda jembamba halifai. Nusu lilikuwa kweli kwa sababu isiyo sahihi. Mbele halijapata hata mkwaruzo wa maana, nyuma ndo linahitaji ganda nene.

Makampuni yanatoa tairi lilelile kwa maganda tofauti na watu wananunua bila kuangalia. Maxxis kwa mfano EXO ni jepesi lenye kinga ubavuni, EXO+ linafuata, alafu DoubleDown, alafu DH ambalo ni la kushukia milima. Jina la tairi moja, meno yaleyale, ila kila ganda na uzito wake.

Nimechukua tairi lilelile la nyuma, ganda nene. Lile jembamba kwenye mzani lilikuwa gramu 790, hili 1,030. Gramu 240 kwenye gurudumu nilidhani zitaniua kwenye kupanda. Nimepima mara nne: sekunde 15 mpaka 20 kwa kilomita 14. Kwa upande mwingine ganda nene linajishikilia lenyewe, nimeshusha nyuma kutoka 25 mpaka 23 na bado halilali, kwa hiyo kwenye mizizi linakaa chini vizuri zaidi kuliko lile jepesi. Kuzoea ilichukua wiki, mwanzoni unaona kama tairi limekufa, halikujibu.

Hasara: tairi lililochanika lilikuwa na wiki tatu tu. Tyubu nane, na hili jipya kumi.

22 Juni: mwiba mmoja

Mwiba mdogo kabisa, tairi la mbele, na dawa haikuziba. Ilifanya fsss mpaka ikaisha. Nikafungua: ndani kumekauka. Kuna ngozi nyembamba ya lateksi imejibandika ukutani na madonge mawili ya mpira yanagongana kama karanga kwenye kopo. Dawa niliiweka katikati ya mwezi wa tatu, miezi mitatu na siku kidogo, na wakati wa joto inakauka upesi zaidi.

Nimetoa madonge, nimepangusa, nimeweka mililita 110 mpya. Kuanzia sasa kila miezi miwili natoa kisindano cha valvu, nachovya kipande cha waya wa plastiki niangalie kama kinatoka kimelowa. Kingine nilichojifunza siku hiyohiyo: mtungi mdogo wa CO2 nilioutumia njiani unaweza kuigandisha dawa ya lateksi, kwa hiyo ukiutumia kwa dharura, nyumbani kagua dawa upya.

13 Julai: kilipofika

Mbele: 2.4, laini, meno marefu, ganda jepesi, psi 22. Kilomita kama 1,300, meno ya katikati 5.0, ya pembeni yameanza kuviringika kingo. Nyuma: 2.35, mpira wa kati, meno mafupi, ganda nene, psi 23. Lilianza na 4.5, sasa 3.7 baada ya kilomita 620. Pancha za kunisimamisha tangu niweke hili nene la nyuma mwezi wa tano: ile moja ya dawa kukauka.

La nyuma likiisha nilikuwa nataka kuhamishia la mbele nyuma na kuweka jipya mbele, watu wengi wanafanya hivyo na kwa pea inayofanana ni akili. Kwangu haiwezekani, la mbele likienda nyuma narudi mwezi wa nne. Kwa hiyo kila moja litaisha kwenye nafasi yake. Ila kinyume chake usifanye kabisa, lile lililochoka nyuma usilipeleke mbele eti bado lina meno.

Gharama yote kwa tyubu, baada ya kutoa nilichouza: 2.6 hasara nne, pea ya 2.4 kumi na sita, tyubulesi tisa, geji mbili na nusu, nyuma jembamba nane, nyuma nene kumi, dawa ya pili moja. Hamsini na nusu. Ningeanza na geji, tyubulesi ya kutumia tepu sahihi, la mbele moja na la nyuma nene moja, ingekuwa kama ishirini na nane.

Matope bado. Hili la nyuma likiingia kwenye udongo wa mfinyanzi linajaa na kugeuka kipara, nasubiri mvua nijaribu la meno yaliyotawanyika, nitaongeza hapa.

Lile tairi lililochanika sijalitupa. Nimekata vipande vitatu vya ubavu wake, nimepiga msasa kingo zisije zikakwaruza tyubu, kimoja kiko kwenye mfuko chini ya kiti pamoja na tyubu ya akiba, ni bora mara kumi kuliko plastiki ya chupa.